Vumbi la Savsani

Gunia la tatu lilimlemea kuliko yale mawili ya kwanza. Anzurat aliliburuta kutoka korongoni hatua tano, akapumzika, hatua tano tena, akapumzika, huku maji yakichuruzika nyuma yake, kwa sababu theluji ya mwisho wa Machi haibebeki. Ukiigusa tu inaanza kulia. Alipofika kwenye uzio wa kitalu chake alimkuta jirani yake Sharofat ameegemea mti wa lango, mikono kwapani, anamtazama kama mtu aliyepata sinema ya bure.

"Dada Anzurat," alisema Sharofat, "Sangdara nzima imemaliza kufagia theluji mapaani, watu wanamshukuru Mungu imekwisha. Wewe unaifuata korongoni unaileta nyumbani. Unaipanda?"

"Naipanda. Ikiota nitakupa mbegu."

"Nipe na mume wa kuipalilia."

"Wako umemfanya nini?"

"Yupo, amelala. Yule hata ikimwotea masikioni haamki."

Anzurat alicheka, kicheko kikamtoa kikohozi, akashika uzio mpaka kikatulia. Kisha akaimwaga theluji juu ya kipande cha ardhi kisichozidi mkeka wa kuswalia, akaishindilia kwa mgongo wa sepetu, akaifunika kwa majani makavu, na juu ya majani akatandika ngozi kuukuu ya kondoo. Alifanya hivyo polepole, kwa namna ya mtu anayemfunika mgonjwa.

Sharofat aliacha mzaha. Alikuwa jirani wa miaka mingi na macho yake yalikuwa mazuri.

"Unayachelewesha yasichanue," alisema.

"Nayachelewesha."

"Yamsubiri nani?"

Wote wawili, bila kuambizana, waligeuka wakatazama ng'ambo ya korongo, kwenye ule mteremko usiopata jua hadi saa sita, ambako makaburi ya Sangdara yalikuwa bado yamelala ndani ya weupe.

Chini ya ile theluji kulikuwa na matunguu matano ya savsani. Kiangazi kilichopita yalikuwa arobaini. Savsani wa milimani ni ua la ajabu: linachanua theluji ikiwa bado mlangoni, likimaliza linajizika ardhini lilale kiangazi kizima, na wakati huo wa kulala halitaki tone la maji. Mwezi wa Julai ukingo wa mfereji ulibomoka upande wa juu, maji yakaingia kitaluni mchana kutwa, na Anzurat alikuwa mjini kwa daktari. Aliporudi, akachimba kwa vidole, akakuta uji. Matunguu thelathini na matano yalimponyoka mkononi yakinuka kama viazi vilivyooza.

Na matano yaliyobaki yalikuwa kama tunguu moja tu. Yote yalitoka kwa mama mmoja, yakigawanyika chini ya udongo mwaka baada ya mwaka, damu ileile. Savsani hakubali vumbi la ndugu yake, ile chavua ya kutungisha mbegu. Unaweza kulipaka ua moja vumbi la jingine hadi vidole vigeuke njano, mbegu hazitungi. Linataka vumbi la mgeni. Na mgeni, katika dunia yote ambayo Anzurat aliijua, alikuwa mmoja tu, na alikuwa ameota juu ya kaburi la mtoto.

*

Anzurat alikuwa na miaka kumi na tisa alipoajiriwa kwenye kituo cha mimea juu ya kijiji. Aliajiriwa kuchimba, kumwagilia na kubeba. Mkuu wa kituo, Yelena Markovna, mtaalamu aliyetoka mbali akazeekea pale, hakuwa mtu wa maneno matamu. "Taratibu, msichana! Hiyo si karoti!" Ndivyo Anzurat alivyojifunza kwamba chini ya tunguu la savsani kuna mizizi minene kama vidole vya mtoto mchanga, na ukikata kidole kimoja umelinyima chakula cha mwaka. Alijifunza kwamba mbegu hupandwa vuli ili zionje baridi, kwamba mwaka wa kwanza hutoka jani moja mfano wa nyasi, ambalo mpalilia mvivu huling'oa na kulitupa, na kwamba ua hutokea mwaka wa tano, ukiwa na bahati. Alijifunza kwamba mimba ya ua hilo iko chini ya udongo, haionekani. Mbegu huzaliwa ardhini kabisa, katikati ya majani, mahali ambapo mtu hadhani pa kutazama.

Kilima cha Kaboda kilikuwa na savsani wake. Kwingine kote walikuwa wa zambarau. Wa Kaboda walikuwa weupe kama maziwa, na kwenye mdomo wa kila ua palikuwa na doa jeusijeusi la zambarau lenye mstari wa manjano katikati. Kilima kimoja tu. Yelena Markovna alichukua tunguu moja kutoka pale, moja tu, akalipanda kituoni. "Tumeazima," alisema.

Kisha vita vikaja. Yelena Markovna aliondoka ndani ya lori na masanduku mawili, akasema atarudi vuli, hakurudi vuli hiyo wala nyingine. Nazri, mume wa Anzurat, aliuawa baridi ya kwanza. Watu waling'oa mabati ya kituo, vioo, hata bawaba za milango. Anzurat alichimba lile tunguu moja la Kaboda akalibeba nyumbani ndani ya mtandio, na huo ndio ulikuwa mshahara wake wa mwisho.

Bunduki ziliponyamaza, njaa haikunyamaza. Mwaka wa pili wa amani alikuja mfanyabiashara na gari refu, anatafuta matunguu ya Kaboda, ati ng'ambo watu wanayalilia. Aliyemchimbia alikuwa Safar, mdogo wake Anzurat, yule ambaye Anzurat alimbeba mgongoni hadi akatembea. Safar alikuwa na mke, Norbibi, watoto watatu, na pipa la unga lililokuwa likitoa mwangwi. Alichimba siku tisa, yeye na wanaume wanne. Siku ya kumi Anzurat alipanda Kaboda. Kilima kilikuwa kimegeuzwa tumbo juu.

Alishuka mjini kwa miguu siku hiyohiyo. Aliingia kituo cha polisi na viatu vyake vya matope, akataja jina la Safar na jina la baba yake Safar, ambaye ndiye baba yake mwenyewe. Alidhani watamtisha tu. Walimfunga mwaka mmoja na miezi miwili. Magunia yalikamatwa, yakatupwa ghalani kama ushahidi, yakaoza mpaka la mwisho. Hakuna aliyepata kitu; wala mfanyabiashara, wala Safar, wala kilima.

Baridi hiyo Mavzuna, kitinda mimba wa Safar, mwenye miaka minne, alibanwa na kifua. Barabara ilikuwa imezikwa. Usiku Norbibi alimfunga mtoto mgongoni akashuka naye kwa miguu hadi zahanati ya bondeni, mwendo wa saa sita. Anzurat alikuwa na punda.

Asubuhi, alipotoka kumpa punda majani, Anzurat aliona nyayo za mtu mmoja kwenye theluji mpya. Zilikuja hadi langoni kwake. Hapo zilikuwa nyingi, zimekanyagana, kama za mtu aliyesimama muda mrefu akibadilisha mguu. Halafu zikaendelea bondeni. Punda alikuwa ndani, ameshiba.

Mavzuna alirudi siku ya tatu kwenye kijeneza cha mbao za masanduku.

Safar alipotoka gerezani alikuta savsani mmoja ameota nyuma ya zizi lake, tunguu lililodondoka kutoka kwenye gunia. Alilihamishia kwenye kaburi la mwanawe. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mitatu, nyumba mbili zilizotengana kwa hatua arobaini, zikinywa mfereji mmoja, hazikusalimiana. Kwenye arusi mmoja aliingia mwingine alipotoka. Watoto wakubwa wawili wa Safar walikwenda Urusi kujenga majumba ya wenzao, Anzurat akazeeka peke yake, Safar na mkewe wakazeeka wawili, na kila mwisho wa Aprili kule makaburini palitokea doa moja jeupe lisilo theluji.

*

Siku iliyofuata baada ya kubeba theluji, Anzurat alivaa mtandio safi, akafunga tuti kavu, matunda ya mforsadi, kwenye kitambaa, akatembea zile hatua arobaini. Zilimchukua muda.

Norbibi alikuwa uani akipiga sufu kwa fimbo mbili. Sufu iliruka na kuanguka, vumbi lake likielea juani.

"Asalaam aleikum, wifi."

Fimbo hazikusimama. "Aleikum salaam. Umepotea njia?"

"Sijapotea."

"Basi miaka yote hii ulikuwa unatafuta lango."

Mlango wa zizi ulifunguka, Safar akatoka na ndoo. Anzurat alikuwa akimwona kwa mbali kila siku, lakini kwa mbali ndevu hazionyeshi weupe wake. Alisimama pale pale alipokuwa. Hakuweka ndoo chini.

"Nimekuja kuomba," Anzurat alisema. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, na sasa alikuta yamebaki machache. "Savsani yule wa kule. Yangu yamekufa, yamebaki matano. Nikifa mimi yamekwisha, na lile la kule peke yake halizai. Sitaling'oa, Safar. Sitalikata. Nataka vumbi lake tu. Nitaligusa kwa kijiti cha kiberiti, nusu dakika."

Safar alicheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. "Mimi nilipochukua maua uliniletea askari. Leo unayataka wewe. Mimi nikamwite nani?"

"Una haki ya kusema hivyo."

"Usinigawie haki!" Sauti ilipanda, maji yakatikisika ndooni. Akaishusha. "Sikiliza. Lile si ua la Kaboda. Lile ni la mtoto. Nenda kamwombe mwenyewe. Akikupa, chukua."

Aliingia ndani na ndoo yake, ingawa ndoo hiyo ilikuwa ya ng'ombe.

Fimbo za Norbibi zilikuwa zimenyamaza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, uso wake umekunjamana kama karatasi iliyotumika mara nyingi, na hakuwa na hasira usoni. Hasira ingekuwa nafuu.

"Chukua tuti zako, wifi," alisema. "Wenye meno humu walishaondoka."

*

Theluji iliyeyuka. Anzurat aliongeza magunia manne, na Sharofat, bila mzaha safari hii, akamsaidia kubeba mawili na kumwamsha mumewe abebe moja. Walichelewesha siku nane, labda tisa. Zaidi ya hapo jua lilikataa kudanganywa. Asubuhi moja katikati ya Aprili Anzurat alifunua ngozi ya kondoo akakuta ncha mbili nyeupe zimetoboa udongo, zimejisokota kama vitambaa vilivyokamuliwa. Adhuhuri zilikuwa zimefunguka.

Alizijengea kivuli kwa shuka. Alizipulizia hewa ya baridi kwa ndoo ya barafu iliyobaki. Ua moja la savsani huishi siku tano. Likipata ubaridi na bahati, saba. Alikaa kando yake kwenye kigoda akayatazama yale madoa ya zambarau, na akakumbuka jinsi kilima kizima cha Kaboda kilivyokuwa majira haya, mtu akishindwa pa kukanyaga.

Siku ya tano aliweka kijiti cha kiberiti mfukoni, akavuka korongo.

Wanawake wa Sangdara hawaingii makaburini. Wanasimama nje ya ukuta wa mawe, wanainua mikono, wanaomba dua, wanarudi. Anzurat hakuwahi hata kufika ukutani. Alipanda na magoti yake mabovu, akijiambia kwamba amekuja kutazama tu, na mkono wake mfukoni ulikuwa ukikizungusha kile kijiti.

Alipofika ukutani alisikia sauti, akainama.

Norbibi alikuwa ndani. Alikaa chini karibu na kaburi dogo, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, akifuma soksi.

"…dume tena," alikuwa akisema. "Baba yako amenuna, alitaka mtamba. Nikamwambia, mwambie ng'ombe, mimi nimefanyaje? Kaka yako alipiga simu. Anasema kule bado baridi, amenunua koti. Nimemwambia asile vyakula vya makopo." Sindano zilifanya kazi kidogo. "Shangazi yako alikuja. Amezeeka. Magoti yamekwisha. Aliniletea tuti nikamrudishia. Baba yako hakulala siku hiyo, alikaa anatazama ukuta. Mimi nililala. Sijui kwa nini, nililala kama nilivyokuwa nikilala msichana."

Kichwani mwa kaburi palikuwa na chipukizi moja, majani mawili ya kijani, na katikati yake ua ambalo bado lilikuwa limefumbwa kabisa. Jua lilikuwa halijaligusa.

Hata angekuwa mwizi, hapakuwa na cha kuiba. Lakini jambo hilo Anzurat alilifikiri baadaye, akiwa nyumbani. Pale ukutani alichofikiri ni kwamba kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kujua Norbibi ana sauti ya namna hiyo. Alishuka mteremko akiwa ameinama, kama mtu anayepita chini ya dirisha, na alipofika korongoni akatoa mkono mfukoni akakuta kijiti kimevunjika vipande vitatu.

Siku ya saba maua yake yalijikunja yakawa kama karatasi iliyolowa. Aliyakata kwa mkasi ili yasiozeshe tunguu. Sharofat alipopita uzioni alitazama, akapita bila kusema neno, na kwa Sharofat hiyo ilikuwa rambirambi.

*

Safar alikuja baada ya siku tisa nyingine. Ilikuwa alasiri, Anzurat akipanga mawe bapa kuzunguka kitalu kuzuia maji. Alihisi mtu, akainua kichwa. Mdogo wake alikuwa amesimama langoni, na mikononi ameshika bakuli la chai lililofunikwa leso.

"Chukua," alisema.

Anzurat alijifuta udongo kwenye gauni. Alipofunua leso, ndani ya bakuli, juu ya kidimbwi cha maji, lilikuwemo ua zima, jeupe, limefunguka vizuri, doa lake la zambarau limelowa kidogo.

Aliligusa ukingoni kwa kidole kimoja.

"Yangu yamenyauka," alisema. "Siku tisa sasa."

Safar alilitazama bakuli kana kwamba limemsingizia jambo. "Kwa hiyo halifai."

"Sijasema halifai. Ingia. Mkono unanitetemeka, nahitaji mtu anishikie karatasi."

Huenda angemwambia ingia tu, asingeingia. Lakini aliambiwa kuna karatasi ya kushikwa, basi akavua kaloshi zake, vile viatu vya mpira, akapanda barazani. Anzurat alileta kibano cha nyusi, gazeti la zamani, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikunjua petali moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole. Chini ya kila moja kulikuwa na kijiti chembamba chenye vumbi la rangi ya malai ya maziwa. Vijiti vitatu. Alivichomoa kimoja kimoja, akavilaza kwenye gazeti ambalo Safar alilishika kwa mikono miwili, bila kupumua.

"Vitakauka kivulini hadi kesho," Anzurat alisema. "Halafu naweka kwenye chupa ya dawa, na mchele uliokaangwa chini ili unyonye unyevu, naziba kwa nta. Friji ya Sharofat, kule ndani kabisa, nyuma ya nyama. Hadi mwakani."

"Litaishi?"

"Yelena Markovna aliwahi kuweka mwaka mzima. Mara nyingine linafufuka. Mara nyingine linakataa."

"Na ulikuwa unahitaji hivyo tu? Vijiti vitatu?"

"Vumbi tu. Nilisema."

"Nilisikia uliposema." Alitazama ua lililobaki kwenye bakuli, limelegea sasa, limefunguliwa kama bahasha. "Norbibi ndiye aliyelichuma. Alirudi nalo asubuhi, akaniwekea mkononi, akaenda kukamua."

"Alisema nini?"

"Alisema ng'ombe amechelewa kukamuliwa."

Walikaa. Gazeti lilikuwa limewekwa kwenye kona ya baraza, limezuiwa kwa mawe manne. Chini bondeni mtu alikuwa akigonga chuma, sauti ikifika baada ya mkono kushuka.

"Mfereji," Safar alisema ghafla. "Mwaka jana."

"Ndiyo."

"Fuko alitoboa ukingo. Mimi sikutoboa. Lakini niliona. Nilitoka asubuhi nikaona maji yanaingia kwako. Nikasema, nitaziba nikimaliza chai. Nikanywa chai." Aligeuza kofia yake mikononi. "Nikanywa na bakuli la pili. Siku hiyo nilikunywa chai mpaka jioni."

Anzurat alikuwa amewahi kulifikiri jambo hilo mara mia, na katika mara hizo mia alikuwa akipiga kelele. Sasa alikuta kelele hazipo. Mahali pake palikuwa na kitu kingine, cha zamani zaidi, ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata Mungu akimwambia kwa kuzungukazunguka.

"Safar. Ile siku ya theluji. Mavzuna."

Safar aliacha kugeuza kofia.

"Watu wanajua niliona nyayo asubuhi. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa macho. Nilisikia mtu langoni. Nilidhani ni wewe, umetoroka, umekuja kunipiga. Nilikaa kitandani, nikavuta blanketi. Sikufungua."

Aliyasema akitazama magoti yake. Alingoja. Alijiandaa kwa ngumi, na kwa namna fulani aliingoja kama mtu anayengoja mvua.

"Anajua," Safar alisema.

"Nani?"

"Norbibi. Alisikia ukikohoa." Sauti yake ilikuwa tambarare, imechoka. "Aliniambia nilipotoka gerezani. Alisema, nilikuwa nimeinua mkono nigonge, nikasikia anakohoa, nikajua yuko macho na hatoki. Nikaona nikigonga halafu asifungue, sitaweza kutembea tena. Basi nikatembea."

Ilikuwa Aprili na jua lilikuwa limejaa barazani, lakini Anzurat alihisi baridi ikimwanzia kwenye nyayo. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameificha siri ndani ya nyumba ambayo ukuta wake mmoja haukuwepo. Yule mwanamke alijua alipokuwa akipiga sufu. Alijua aliporudisha tuti. Alijua asubuhi ya leo, alipoinama juu ya kaburi la mwanawe akalivunja ua, lote, na shina lake.

Alilia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na Safar hakumtuliza wala hakuondoka. Alitazama kitaluni.

"Ule ukingo hautaki udongo," alisema baadaye. "Unataka mawe. Udongo fuko anapita."

"Ndiyo."

"Mawe makubwa. Si hayo yako."

Anzurat aliinuka akaingia ndani, kwa kuwa mikono yake ilihitaji kazi, na kwa kuwa mtu akikaa barazani kwako huwezi kumwacha akaondoka hivihivi. Alitoka na kitambaa, akakitandaza, akaweka mkate wa mviringo aliouoka jana, akaukata kwa mikono kama ipasavyo, vipande vikiangalia juu. Aliweka na chai. Chai Safar hakuigusa. Mkate aliutazama. Halafu alinyoosha mkono, akachukua kipande, akakishika. Alikishika kwa muda wote ambao yule mtu wa bondeni aligonga chuma chake mara nane au tisa. Kisha akakitia kwenye mfuko wa joho lake, akasimama, akavaa kaloshi.

"Kesho usisahau kuligeuza hilo vumbi," alisema. "Upepo ukigeuka litapata unyevu."

"Sitasahau."

Alichukua bakuli tupu na leso. Lile ua aliliacha. Anzurat alisimama kwenye uzio akamfuata kwa macho akishuka kando ya mfereji, mgongo umepinda upande mmoja kama wa baba yao. Safar hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita njia ya juu, ile inayozunguka bustani za miaprikoti, ambayo wakati huo ilikuwa imechanua na kumwaga petali njiani. Karibu na kona alipunguza mwendo. Mkono wake uliingia mfukoni, ukatoka na kile kipande cha mkate, ukaanza kupanda kuelekea usoni, polepole, na matawi yakamfunika.